Mbwa Mmemsema, Njiwa Je?

 

Leo sina mapishi wala mtindo mpya wa hina. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe naanza na nafsi yangu.

Wiki iliyopita tulikuwa nyumbani kwa dada yangu, siku ya mwanzo ya kumsinga mwanetu. Mie ni khalti yake. Mchumba ni kijana wetu, mama yake mtu wa Wete, lakini amekulia Marekani na anaishi jimbo la Tennessee. Tuko kwenye mkeka, singo imejaa bakuli, vicheko vingi, bi harusi akatoa simu atuoneshe nyumba atakayokwenda kuishi. Mashaallah, uwanja mpana, majani mabichi, nyumba nzuri. Mara akatokea mbwa, mweupe mwenye mabaka ya kahawia. Nyuma yake kibanda cha mbao kimejaa njiwa.

Chumba kizima kikapiga kelele. Mbwa! Huyu anasema malaika hawaingii, yule anauliza swala itasaliwa wapi, mwengine anamwambia dada yangu arudishe posa. Na mie, khalti mtu, nilikuwa wa mwanzo kupaza sauti. Mtoto wa watu akawa anajitetea: si mbwa wa kuchezea, ni mbwa wa kuwindia ndege, halali ndani, ana banda lake. Na hao njiwa? Akajibu, "Hao wa kumfundishia mbwa." Basi, tukacheka, tukarudi kwa mbwa.

Video ya pili ikaanza wenyewe hatujajiandaa. Kijana amemshika njiwa. Akayakunja mabawa yake kwa nyuma, moja likapita juu ya jengine, akamtupa chini mbele ya mtoto wa mbwa. Njiwa akawa anajikokota kwa miguu, kuruka hawezi. Mtoto wa mbwa akamrukia, akamwacha, akamrukia tena. Sauti ya mwanamme inasikika inampongeza. Somo akasema, "Izime hiyo, harufu ya mbwa isije ikaingia kwenye singo." Tukacheka tena.

Usiku nikakosa usingizi. Si kwa ajili ya mbwa. Marehemu baba yangu alikuwa na njiwa kwetu Ng'ambo, amewatundikia madebe ya mafuta ukutani kwa nje. Mie ndiye niliyekuwa nikiwamwagia mtama kabla ya kwenda chuoni. Mwaka mmoja baba alimuuzia jike mtu wa Bububu. Asubuhi yake tukamkuta juu ya bati letu, anaita. Baba akamrudishia mtu pesa zake, akasema, "Huyu kashasema kwake ni wapi." Nikalala nikiwaza: sote mle chumbani tunajua njiwa ni nani. Umra tumekwenda, tumewamwagia punje njiwa wa Makka, tumekanyaga kwa uangalifu tusiwaumize, kwa kuwa tunajua ndege wa Haram hawindwi. Imekuwaje njiwa akateswa mbele ya macho yetu, sote tukamwona mbwa tu?

Ndiyo maana naandika.

Mbwa ana hukumu yake, imekwisha

Tuanze na mlichokipigia kelele, tukimalize. Mie si sheikh, na aliye na swali la ndani amuulize sheikh wake. Lakini haya yanafundishwa madrasa.

Kufuga mbwa bila ya haja kunampunguzia mtu thawabu zake kila siku. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, na ndani yake yametolewa mambo matatu: mbwa wa kuwinda, wa kuchunga wanyama na wa kulinda shamba. Aya ya nne ya Suratul Maida imehalalisha wanachotukamatia wanyama wa kuwindia tuliowafundisha, tukalitaja jina la Allah. Na Mtume (SAW) alipoulizwa na Adiy bin Hatim, alimfafanulia: umtume mbwa wako aliyefundishwa, utaje jina la Allah, na akila katika alichokamata wewe usile, maana amejikamatia mwenyewe.

Kwa hiyo kama kijana anawinda kweli, mbwa wake ana mlango katika sheria. Kinachobaki ni adabu ya nyumba. Mbwa akae nje kwenye banda lake. Chombo alichotia mdomo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Nguo za kuwindia zisiingie chumba cha kusalia. Bi harusi haya ana haki ya kuyasema kabla ya nikah, na mwanamme mwenye akili atayakubali.

Mmeona? Jambo lenye majibu tangu zamani ndilo tulilotaka kuvunjia harusi. Lile lisilo na mtu wa kulisemea tulilichekea.

Na kama hoja yetu ni najisi tu, basi kwa madhehebu yetu ya Shafi hata kinyesi cha njiwa ni najisi. Kibanda kizima kimejaa nacho, na hakuna aliyekunja uso.

Njiwa anafanya kazi gani pale

Siku ya pili nikampigia kijana mwenyewe. Alinijibu kwa heshima zote, "Shikamoo khalti," na akanieleza kwa kirefu. Mengine nimeyasoma mwenyewe. Nayaeleza hapa kwa sababu huwezi kumhoji mtu jambo usilolijua.

Mbwa wa namna hii hafukuzi ndege. Wanaitwa Pointer, Setter, Brittany, German Shorthaired Pointer, na kazi yao ni pua. Ananusa ndege aliyejificha majanini, kisha anasimama kimya, mguu umekunjwa, pua imeelekea alipo ndege, mpaka msasi amfikie. Msasi ndiye anayemrusha ndege. Mbwa akivamia mwenyewe, ndege anapaa kabla bunduki haijafika, na safari imeharibika. Huko kusini mwa Marekani ndege anayetafutwa ni kware, na mambo haya kwao ni makubwa. Katika Tennessee hiyo hiyo kuna mji mdogo, Grand Junction, wenye jumba la makumbusho la mbwa wa kuwindia ndege, na mashindano ya taifa yamefanyika karibu na hapo, kwenye shamba la Ames, kwa miaka mingi.

Sasa mbwa ajifunzie wapi? Kware wa porini wamepungua sana, na wana msimu wao kwa mujibu wa sheria. Njiwa yupo mwaka mzima. Yule njiwa manga wa mijini aliletwa huko kutoka Ulaya, kwa hiyo hamo katika ulinzi wa sheria ya shirikisho ya ndege wanaohama, sheria ya mwaka 1918. Ni mgumu wa maradhi. Anataga mayai mawili, dume na jike wanapokezana kuatamia siku 17 au 18, na baada ya mwezi mmoja hivi kinda anaruka. Na kubwa kuliko yote, anajua kwao.

Wafundishaji hodari wanaitumia sifa hiyo. Njiwa anatiwa kwenye kisanduku chenye springi, kinafichwa majanini. Mbwa analetwa upande unakovuma upepo kutoka kwa ndege, ananusa. Akisimama vizuri anasifiwa. Akisogea hatua moja tu, mfundishaji anabonyeza rimoti, kisanduku kinafunguka na njiwa anapaa. Mbwa anabaki anatazama juu. Somo analopata ni moja: ukimkimbilia, unamkosa. Njiwa anazunguka angani mara mbili, anarudi kibandani, anaingia kwenye mlango wa vijiti vya waya vinavyosukumika kwa ndani tu. Anamkuta mwenzake, punje na maji. Keshokutwa tena.

Kushtuka anashtuka, sikatai. Lakini ni mzima, ana mabawa yake, na ana pa kurudi. Kwa hilo mie sina ugomvi mkubwa na mtu.

Ugomvi wangu uko kwenye njia nyengine. Kuna wanaomwinamisha njiwa kichwa chini ya bawa, wakamzungusha mpaka apate kizunguzungu, wakamlaza majanini. Kuna wanaoyakunja mabawa kama nilivyoona. Kuna wanaomng'oa manyoya ya kurukia. Kuna wanaomfunga mguuni kamba au kipande cha boksi ili asifike mbali. Kisha anaachiwa mtoto wa mbwa amtie meno ili "apate hamu". Na mwisho kuna bunduki: njiwa yule yule uliyemlisha jana anarushwa leo apigwe risasi, mbwa azoee mlio na ajifunze kuokota.

Hadithi ambazo hatukuzikumbuka

Dada zangu, katika Sahih Muslim imo habari ya Ibn Umar (RA). Aliwapita vijana wa Kikureshi wamemweka ndege kuwa shabaha, wanampiga mishale. Mwenye ndege wamempa mshale kila unaokosa. Walipomwona wakatawanyika. Akauliza nani kafanya haya, akasema Allah amemlaani anayefanya hivyo, na kwamba Mtume (SAW) alimlaani mtu anayekifanya chochote chenye roho kuwa shabaha.

Tazama vizuri. Vijana wale hawakuwa makafiri wa porini, walikuwa watoto wa watu wazuri. Ndege hakuibiwa, mwenyewe yupo na amelipwa. Wala hawakuwa wanacheza tu, kulenga mshale ni ujuzi wa kiume unaosifiwa katika dini. Na bado ikaja laana, neno zito kuliko "haifai".

Na Anas bin Malik (RA) aliingia nyumba moja akakuta watoto wamemfunga kuku wanamlenga. Akawaambia Mtume (SAW) amekataza wanyama kufungwa kwa ajili ya kuuliwa namna hiyo. Hiyo wameipokea Bukhari na Muslim wote wawili.

Njiwa mwenye mabawa yaliyokunjwa mgongoni, mbele ya mbwa au mbele ya bunduki, ana tofauti gani na kuku yule? Nielezeni. Mie nimeitafuta tofauti siku saba sijaiona.

"Lakini khalti..."

Najua mtakayoyasema, maana nimeshayasikia.

*"Njiwa si halali kuliwa? Mbona kuku tunachinja?"* Halali, na supu yake tunaijua. Lakini uhalali wa nyama si ruhusa ya kutesa. Mtume (SAW) ametuamrisha hata wakati wa kuchinja tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Tena kuna jambo la fiqhi hapa ambalo wengi linawapita. Kupiga kwa mbali ni njia ya mnyama wa porini usiyeweza kumshika. Mnyama uliye naye mkononi uhalali wake ni kisu shingoni. Basi njiwa aliyefungwa mabawa ukamuua kwa risasi, hukuwinda wala hukuchinja. Ni mzoga. Na yule aliyeuliwa na mtoto wa mbwa ambaye hajafunzwa, ni mzoga vilevile, kwa kuwa sharti la mbwa ni awe ameshafunzwa. Kwa hiyo hata ile "tunamla" haipo. Unamlisha miezi, unamuua, unamtupa.

*"Lakini kuna faida, mbwa lazima ajifunze."* Hoja hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa hiyo nimeifuatilia. Na jibu nimelipata kwa wafundishaji wenyewe. Mbwa wa kusimamia ndege akishamkamata njiwa asiyeweza kuruka, ameshajifunza kwamba kuvamia kunalipa. Kesho atanyemelea na kurukia badala ya kusimama. Ndiyo maana waliobobea wanataka njiwa mwenye nguvu, anayepaa mara moja. Njiwa kiwete anamharibu mbwa. Na hamu ya mtoto wa mbwa inaamshwa kwa bawa la ndege aliyekwisha kuchinjwa, unalifunga kwenye uzi na ufito, unalichezesha mbele yake. Mlio wa bunduki anazoeshwa kwa bastola ya baruti tupu, kwa mbali, kidogo kidogo. Kwa hiyo msituambie dharura. Ni pupa ya kutaka mbwa awe tayari haraka.

*"Njiwa wenyewe wamekatazwa, kuna hadithi ya shetani."* Ipo kwa Abu Daud, ya mtu aliyeonekana anamfuata njiwa, akaitwa shetani anayemfuata shetani. Wanavyuoni wameieleza kwa mtu aliyeshughulishwa na kurusha njiwa mpaka akasahau yanayomlazimu na kuwaudhi majirani. Kufuga kwenyewe si haramu. Ndugu yake mdogo Anas, Abu Umayr, alikuwa na kindege chake, na Mtume (SAW) alikuwa akimtania kwa upole juu ya kindege hicho, na kilipokufa akamliwaza. Sikusudii kuwavunjia watu vibanda. Mtoto wa Ng'ambo mie, nimekulia chini ya njiwa.

*"Ni mambo ya wanaume."* Hapa ndipo nilipotaka mfike.

Bibi harusi, kibanda hicho ni chako

Mwanamme atatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini. Njiwa watabaki na nani? Na wewe. Maji yakiganda wakati wa baridi, ni wewe utakayevunja barafu. Punje zikiisha, ni wewe utakayejua. Akisafiri wiki, roho ishirini ziko mkononi mwako, zimefungiwa, haziwezi kujitafutia.

Sote tunamjua yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tumesimuliwa tangu wadogo. Hakumpiga. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa lake lilikuwa ni kushika roho na kutoijali. Usifikiri utasema kiama kwamba njiwa walikuwa wa mume wako. Ufunguo ulikuwa wako.

Na kuna mwili wako pia. Vumbi la kinyesi na manyoya ya njiwa si la kuchezea. Kuna ugonjwa wa mapafu unaowapata wafugaji njiwa, kikohozi kikavu na pumzi kubana, unakuja polepole kwa wanaolivuta vumbi hilo siku nyingi. Kibanda kisiwe chini ya dirisha la chumba cha kulala. Kinyesi kirowanishwe maji kabla ya kukwanguliwa. Vaa barakoa, osha mikono, na nguo zifuliwe mbali. Ukijaaliwa mimba, kukwangua kibanda si kazi yako tena, aikwangue mwenye mbwa wake.

Basi kama unavyouliza mahari, uliza na haya kabla ya nikah:

Njiwa wangapi, na wakizaana watakwenda wapi? Ni wa kurudi nyumbani au wa kununuliwa kwa wingi wakatumiwa wakesha? Nani anawalisha, nani anafagia, na tukisafiri anabaki nani? Kuna kukunja mabawa, kung'oa manyoya, kufunga kamba? Kuna kupigwa risasi njiwa wa kibandani? Na anayezeeka au kuvunjika, anachinjwa kwa kisu na bismillahi, au anatupiwa mbwa?

Maswali haya si ya utundu. Mwanamme anavyomtendea asiyeweza kumshitaki ndivyo alivyo. Utakuwa huko ugenini, mama yuko Unguja, lugha yako ndogo, pesa mkononi mwake. Mie khalti yako nataka kujua anafanya nini na kiumbe kilicho chini ya mkono wake na hakina pa kukimbilia.

Na sisi tusijitoe

Kabla hamjamfanya kijana wa Tennessee kuwa mnyama, tutazame uani kwetu. Watoto wetu wa kiume wanawalenga tetere kwa manati, na sisi tumekaa barazani tunakunywa kahawa. Kuku tunawabeba kichwa chini kutoka sokoni mpaka nyumbani. Mtoto akimfunga uzi mguuni kinda wa ndege tunasema anacheza. Safarini Masahaba walichukua makinda mawili, mama yao akaja anapigapiga mabawa, na Mtume (SAW) akauliza nani kamtia huzuni kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Sisi tungepiga picha.

Na nyie mabibi harusi wangu wa mwaka huu, mmoja wenu kaniuliza bei ya njiwa weupe wa kurusha siku ya walima, kama anavyoona kwenye video za Ulaya. Nikamuuliza, watarudi wapi? Akanyamaza. Kule wanaofanya kazi hiyo kwa uaminifu wanatumia njiwa weupe wa kurudi nyumbani, waliozoeshwa, wanaoruka moja kwa moja mpaka kibandani. Njiwa aliyezaliwa ndani ya tundu, hajawahi kuruka wala kujitafutia punje, ukimrusha hujamwacha huru. Hapa Unguja tuna kunguru walioletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, na kila mtu anajua wanavyowafanya ndege wengine. Mweupe, mgeni, hajui njia. Magharibi haimkuti. Na wewe uko kwenye kiti chako cha harusi unapigwa picha.

Aibu iliyoje, mfundisha mbwa mzuri wa Marekani anayehakikisha njiwa wake ana pa kurudi awe bora kuliko bibi harusi wa Kiislamu.

Tulipofikia

Nilimwambia kijana yote haya, kwa upole kiasi nilichoweza. Alinyamaza kidogo. Akasema ile video ilikuwa siku ya mwanzo ya yule mtoto wa mbwa, na mzee aliyemfundisha uwindaji alimwonesha hivyo hivyo. Nikamwambia mzee wako hakuwa na Ibn Umar, wewe unaye. Akasema la mabawa ataliacha. La bunduki, kwa njiwa anayeruka mzima, amesema atamuuliza imamu wa msikiti wake. Sawa, na aulize, kuuliza ndiyo dini.

Mama yake alinipigia usiku. Amekasirika. Kasema tunatafuta kisa cha kuvunja harusi kwa ajili ya njiwa. Dada yangu naye amenuna, kasema nimemwaibisha kwa wakwe. Bi harusi peke yake ndiye aliyenitumia ujumbe, kasema, "Khalti, nimemwambia nitawalisha mimi, lakini ufunguo utakaa kwangu."

Nikah ni Ijumaa ijayo, inshaallah. Waombeeni kheri. Na siku nyengine tukiwa kwenye mkeka, simu ikafunguliwa na kiumbe cha Allah kinateswa mbele yetu, asiwepo wa kusema izime tukaendelea na singo. Awepo wa kuuliza.

Wabillahi tawfiq. Nawapenda kwa ajili ya Allah.